Mashine ya Kupumulia Inalia: Anza na Mgonjwa, Fuata Mabomba, Malizia na Mashine

Saa nane usiku alamu inalia. Muuguzi aliye karibu anakimbilia kioo cha mashine, anabonyeza kitufe cha kunyamazisha, kisha anaanza kusoma maandishi mekundu. Nami nilifanya hivyo miaka yangu ya mwanzo ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Ilinichukua muda kujifunza kwamba kioo hakijui kinachomsibu mgonjwa. Kinajua presha, ujazo na muda, basi. Mgonjwa mwenyewe ndiye mwenye habari kamili, naye yuko hatua moja tu kutoka kwenye kitufe hicho.

Mwongozo huu ni kwa wauguzi, matabibu na madaktari wa zamu wanaohudumia wagonjwa walioshindwa kupumua, hasa kwenye hospitali ambako daktari wa usingizi ni mmoja na mara nyingi yuko thieta. Nimeupanga kwa dalili, kama hitilafu zinavyoripotiwa wakati wa kupokezana zamu. Katika kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi na kinachokaguliwa kwa macho na mikono, ndipo nikaenda kwenye mazito. Ndugu wa mgonjwa akiusoma utamsaidia kuelewa kinachofanyika, lakini mashine haiguswi na mtu ambaye hakufundishwa.

Kabla ya dalili yoyote: ambu iko wapi?

Kila kitanda chenye mashine ya kupumulia kiwe na ambu yake, begi la kumpa mgonjwa pumzi kwa kubonyeza kwa mkono, imeungwa kwenye chanzo chake cha oksijeni, pamoja na barakoa ya uso ya saizi ya mgonjwa huyo. Isiwe kwenye kabati la dharura mwisho wa wodi wala kitanda cha jirani. Anza zamu kwa kuibonyeza mara moja na kuhakikisha inapuliza.

Alamu ikilia, tazama kifua. Kinapanda? Pande zote mbili sawa? Tazama midomo na ulimi, gusa ngozi uone kama ina jasho la baridi, kisha soma monita. Haya yote hayachukui sekunde kumi. Mgonjwa akiwa shwari unao muda wa kukagua taratibu. Akiwa anabadilika rangi, oksijeni inashuka, na chanzo hukioni mara moja, mtoe kwenye mashine umpe pumzi kwa ambu yenye oksijeni kamili, huku ukiita msaada kwa sauti.

Hapo mkono wako unakuwa kipimo. Ambu ikibonyea vizuri, kifua kikapanda na oksijeni ikarudi, tatizo liko kwenye mashine au mabomba yake. Ambu ikiwa ngumu, kama unakamua mpira uliojaa upepo, tatizo liko kwenye tyubu, ule mpira wa kupumulia uliopita mdomoni hadi kwenye koromeo, au ndani ya kifua. Na ikibonyea bila upinzani wowote huku kifua kimelala, hewa inatoroka: kafu, kile kiputo cha mwisho wa tyubu kinachoziba koromeo, imevuja au tyubu haiko tena kwenye koromeo. Majibu hayo matatu yatakuongoza katika kila dalili iliyo hapa chini.

Kazi ya ICU yenyewe ilianzia mkononi. Mwaka 1952, Copenhagen ilipokumbwa na mlipuko wa polio, daktari wa usingizi Bjørn Ibsen aliwapitishia wagonjwa tyubu kwenye shingo, na wanafunzi wa udaktari wakakaa kwa zamu pembeni ya vitanda wakiwabonyezea begi kwa wiki nyingi. Walikuwa wakisikia kwa vidole vyao kila badiliko la kifua. Sisi tunayo mashine, ila vidole bado tunavyo.

Tahadhari mbili. Usimtoe mgonjwa kwenye mashine kwa kila alamu. Mwenye mapafu yaliyovimba anategemea PEEP, ile presha inayobaki mapafuni mwisho wa kutoa pumzi, na kila unapochomoa bomba vifuko vyake vya hewa vinanywea na huenda vikachukua saa kadhaa kufunguka tena. Pili, kifua kikuu kipo katika wodi zetu. Ambu iwe na filta yake, nawe uwe umevaa barakoa ya N95 kabla ya kuchomoa chochote.

Dalili ya 1: Alamu ya presha kubwa

Hii ndiyo inayolia kuliko zote. Fuata njia ya hewa kuanzia mdomoni mwa mgonjwa kwenda kwenye mashine, usiruke.

Makohozi huongoza. Utasikia mkwaruzo ukiweka stetoskopu, au hata mkono tu juu ya kifua. Mpe oksijeni kamili kwanza, kisha fyonza. Katheta ya kufyonzea isizidi nusu ya upana wa ndani wa tyubu: kwa tyubu namba 8 ni katheta namba 12, kwa namba 7 ni namba 10 (namba ya tyubu ni milimita, ya katheta ni kipimo kingine ambacho tatu ni milimita moja). Usizidishe sekunde 15 kwa mfyonzo mmoja. Kumwaga maji ya chumvi ndani ya tyubu kila unapofyonza ni mazoea yanayostahili kuachwa, kwa kuwa yanashusha oksijeni na kusukuma uchafu chini zaidi.

Katheta ikigoma kupita, simama hapo. Ama mgonjwa ameuma tyubu, ama imejikunja mdomoni au nyuma ya koo, ama imejaa utando mkavu wa makohozi. Inayoumwa utaiona, na kizuizi cha meno kitasaidia. Iliyojikunja hunyooka ukirekebisha shingo. Iliyozibwa na utando mkavu haina ukarabati: ita daktari wa usingizi sasa hivi, andaa tyubu mpya, na ambu isitoke mkononi. Usishindane nayo kwa katheta nene zaidi.

Kisha mabomba. Maji yaliyotuama kwenye mkunjo wa bomba yanabana hewa. Yamwage kwenye kikombe cha kukusanyia maji, yasirudi kwa mgonjwa. Bomba lililobanwa na reli ya kitanda baada ya kugeuza mgonjwa nimelikuta mara nyingi kiasi kwamba siku hizi mkono wangu unaenda pale kabla ya jicho.

Halafu filta, na hapa nitakaa kidogo. Kuna filta ndogo inayokaa kati ya tyubu na bomba, ambayo hutunza unyevu na joto la pumzi ya mgonjwa. Ni kifaa chepesi, ukikishika ni kama umeshika kifuniko cha chupa. Usiku mmoja tulikuwa na mama wa makamo mwenye pumu, aliyeandikiwa dawa ya nebulaiza, yaani dawa ya kuvuta kama mvuke, kila baada ya saa nne. Dawa ilikuwa ikiwekwa upande wa mashine, filta ikiwa bado mahali pake, kwa hiyo mvuke wote uliishia kwenye filta. Presha ya kilele, ile ya juu kabisa mashine inaposukuma pumzi, ilikuwa sentimita 28 za maji saa mbili usiku. Saa sita ikawa 36, na saa tisa ikafika 47. Tuliongeza dawa za kufungua mirija, yaani tuliongeza mvuke, tukazidi kuiloweka. Dada mwenzangu ndiye aliyeichomoa filta na kuiweka kiganjani mwangu bila kusema neno. Ilikuwa nzito, inachuruzika, kama sponji ya kuoshea vyombo. Tuliweka mpya, presha ikarudi 29 kabla hajamaliza kuvua glavu.

Tangu usiku huo nina masharti matatu nisiyoyalegeza. Filta inatolewa kabla ya nebulaiza na kurudishwa baada yake. Filta ya unyevu haitumiki pamoja na mashine ya kupasha maji moto, ni moja au nyingine, kwa sababu zikiwa pamoja filta italowa na kuziba. Na filta iliyochafuka kwa damu au makohozi inabadilishwa pale pale, haingoji ratiba.

Ukishamaliza njia ya hewa na presha bado iko juu, ingia kifuani. Sikiliza pande zote mbili.

Mluzi wakati wa kutoa pumzi ni mirija iliyobana. Pande mbili zikitofautiana, angalia kwanza alama ya sentimita ya tyubu kwenye meno. Kwa watu wazima walio wengi ni karibu 21 kwa mwanamke na 23 kwa mwanaume. Ikiwa imezama zaidi ya ilivyoandikwa kwenye chati, huenda imeingia pafu la kulia na kuliacha la kushoto kimya. Mwenye ujuzi na ruhusa airudishe, kisha piga picha ya kifua.

Tyubu ikiwa mahali pake, upande mmoja ukiwa kimya na umevimba, presha ya damu inaporomoka na mishipa ya shingo imejaa, hiyo ni hewa iliyovuja nje ya pafu na sasa inalibana pamoja na moyo. Hapa hakuna kungoja eksirei. Daktari au tabibu aliyefunzwa atoboe kifua upande huo kwa sindano nene, kwa mtu mzima ni nafasi ya nne au ya tano ya mbavu mbele kidogo ya mstari wa kati wa kwapa, au nafasi ya pili katikati ya mtulinga, kisha mpira wa kifua ufuate. Kama hujafunzwa, kazi yako ni kuita, kumpa oksijeni kamili, na kuandaa trei.

Kuna kipimo kimoja ambacho mashine nyingi zinacho na wachache tunakitumia: kitufe cha kusimamisha pumzi mwisho wa kuvuta. Mgonjwa akiwa ametulia, kwenye modi ya kuweka ujazo, kitakupa presha ya plato, ile iliyomo mapafuni hewa ikiwa imesimama. Linganisha na kilele. Kilele 45 na plato 22 ni shida ya njia: makohozi, filta, tyubu, mirija. Kilele 45 na plato 40 ni pafu au kifua chenyewe kimekuwa kigumu: nimonia iliyosambaa, maji mapafuni, hewa iliyovuja, tumbo lililojaa. Katika modi ya kuweka presha alamu hii huenda isilie kabisa. Utakachoona ni ujazo wa kila pumzi kupungua, kwa hiyo alamu ya ujazo mdogo iwekwe karibu, isiachwe sifuri.

Plato ikizidi 30, kagua ujazo uliowekwa. Kosa tunalolirudia ni kupima ujazo kwa uzito wa kwenye mizani. Mapafu hayanenepi mtu anaponenepa. Yanafuata urefu. Kwa mwanamke chukua 45.5, ongeza 0.91 mara urefu wa sentimita uliotolewa 152.4. Kwa mwanaume anza na 50. Mama wa sentimita 160 hupata kilo 52, hivyo mililita 6 kwa kilo ni kama 315. Akiwa na kilo 95 za mizani na ukatumia hizo, utamsukumia 570, karibu mara mbili. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2000, wenye wagonjwa 861 wa mapafu yaliyovimba, ulionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 39.8 hadi 31 kwa kupunguza tu ujazo kutoka mililita 12 hadi 6 kwa kilo. Dawa haikuongezwa. Futi kamba ya fundi cherehani inatosha kuanza. Ining'inize ukutani.

Dalili ya 2: Presha ndogo, au ujazo unaorudi ni mdogo

Hewa inatoka mahali. Bomba lililochomoka ndilo la kwanza, na mara nyingi ni pale linapounganika na tyubu, baada ya kumgeuza au kumfyonza mgonjwa. Lirudishe, subiri pumzi tatu, alamu itanyamaza yenyewe.

Bila mafanikio, pitisha mkono kwenye kila kiungo: kikombe cha maji, kifuniko cha chombo cha unyevu, tundu la kupimia joto, tundu la nebulaiza ambalo mtu alisahau kulifunga. Upepo mdogo unausikia kwenye ngozi ya kiganja kabla hujausikia masikioni.

Kisha kafu. Dalili yake ni mgonjwa kutoa sauti, au povu na mkoromo mdomoni kila mashine inaposukuma. Kafu ipimwe kwa kipimo chake, iwe kati ya 20 na 30 sentimita za maji. Kubonyeza puto la nje kwa vidole na kusema "iko sawa" hakuaminiki. Nimekuta kafu zilizohukumiwa hivyo zikiwa juu ya 60, na presha hiyo inakata damu kwenye ukuta wa koromeo. Kama hamna kipimo, weka stetoskopu shingoni, jaza hewa kidogo kidogo mpaka mvujo usikike kwa mbali tu au ukome, uishie hapo.

Ukijaza kafu na baada ya muda mfupi inavuja tena, ama imetoboka, ama tyubu imepanda juu ya nyuzi za sauti. Usiendelee kuongeza hewa. Tazama alama ya sentimita. Ikiwa imepungua, au ukiwa na kipimo cha kabonidioksidi na mstari wake umelala, tyubu imetoka. Itoe, weka barakoa ya uso, bonyeza ambu, ita daktari wa usingizi. Watu wamekufa wakiwa na tyubu mdomoni kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kukubali kwamba haikuwa kwenye koromeo.

Dalili ya 3: Oksijeni inashuka

Ikishuka ghafla, rudi kwenye ambu na yale majibu matatu. Tyubu imehama, tyubu imeziba, hewa imevuja kifuani, au mashine ina hitilafu. Pitia kwa mpangilio huo.

Kabla ya hapo hakikisha kipimo cha kidoleni kinasema kweli. Mkono wa baridi, mkanda wa kupimia presha unaobana mkono huohuo, au kidole chenye hina. Huku pwani bibi harusi na wageni wake huja na piko jeusi hadi kwenye kucha, nalo linazuia mwanga. Hamishia sikioni. Na mawimbi kwenye monita yawe mazuri, la sivyo namba haina maana.

Jambo la pili ni zito, na linatuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walichapisha kwamba kipimo cha kidoleni kilipoonyesha kati ya 92 na 96, karibu asilimia 12 ya vipimo vya wagonjwa weusi vilikuwa na oksijeni halisi chini ya 88 kwenye damu ya ateri, ilhali kwa wagonjwa weupe ni kama asilimia 4. Kipimo kinaipendelea ngozi nyeupe. Kwa hiyo mgonjwa wetu mwenye 92 anayehema na kutokwa jasho, muamini yeye. Pima gesi za damu kama ipo maabara, na kama haipo, lenga 94 badala ya kuridhika na 90.

Ikishuka polepole kwa saa au siku, vyanzo kwa mfuatano ni makohozi yaliyoziba sehemu ya pafu, maji mengi ya mishipa (jumlisha yaliyoingia na kutoka kwa siku tatu, utashangaa), nimonia mpya ya mashine, mapafu kuzidi kuvimba, na donge la damu. Kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45 kama hakuna katazo. Kuongeza oksijeni peke yake bila kufikiria PEEP hakufungui vifuko vilivyonywea, lakini upandishaji wa PEEP uagizwe na daktari kwa sababu unaweza kuangusha presha ya damu.

Akihitaji oksijeni ya asilimia 60 au zaidi na bado anashuka, kumlaza kifudifudi kunasaidia. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2013 uliwalaza hivyo kwa angalau saa 16 mfululizo kila kipindi, na vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 16, dhidi ya 32.8 kwa waliolala chali. Ila hii si kazi ya watu wawili. Tunahitaji watano, mmoja wao kichwani akishika tyubu tu na yeye ndiye anayehesabu "moja, mbili, tatu". Mkipungua hapo, msigeuze.

Dalili ya 4: Presha ya damu imeanguka baada ya kuwekwa kwenye mashine

Dawa ya usingizi na upungufu wa maji mwilini ndivyo vya kwanza, hasa kwa aliyetapika au kuharisha kabla ya kufika. Punguza dawa, mpe maji ya mishipa kwa maelekezo ya daktari.

Kwa mwenye pumu au mapafu ya moshi wa kuni, waza haraka juu ya hewa inayonaswa. Mashine inaleta pumzi mpya kabla ya ya zamani kwisha kutoka, kifua kinajaa kama gunia linaloshindiliwa, na damu haiwezi kurudi kwenye moyo. Kwenye kioo, mstari wa mtiririko wa hewa haurudi kwenye sifuri kabla ya pumzi inayofuata. Weka mkono kifuani: utahisi bado kinashuka wakati mashine inasukuma tena.

Mtoe kwenye mashine kwa sekunde 10 hadi 20, umwache atoe pumzi. Presha ikipanda, umepata jibu na umeanza tiba. Ukimrudisha, idadi ya pumzi ipunguzwe na muda wa kutoa urefushwe. Kabonidioksidi itapanda kidogo, na mara nyingi madaktari hukubali hilo kwa makusudi. Kosa la kawaida ni kuona kabonidioksidi imepanda kisha kuongeza idadi ya pumzi. Huko ni kuzidi kushindilia gunia.

Presha isipopanda baada ya hapo, rudi kwenye hewa iliyovuja kifuani, na daktari awe ameshaitwa.

Dalili ya 5: Mgonjwa anapambana na mashine

Anakohoa, anajirusha, anavuta mabomba, alamu tatu zinalia kwa pamoja. Agizo linalotolewa haraka ni "mwongezee usingizi". Naomba sana lisiwe la kwanza. Mtu anayekosa hewa hupambana, na ukimlaza umezima alamu ya mwisho aliyokuwa nayo.

Pitia kwanza dalili ya 1 hadi ya 3. Akiwa salama huko, uliza maumivu: wengi wamepewa dawa ya usingizi bila ya maumivu, ilhali mpira wa kooni unauma. Kisha kibofu. Kijana mmoja wa ajali ya bodaboda aliletwa kwetu akiwa na mpira wa mkojo uliofungwa kwa kibanio tangu kwenye gari la wagonjwa. Alikuwa ameshaongezewa dawa ya usingizi mara mbili kabla mtu hajainua shuka. Tulipofungua kibanio lita moja na zaidi ilishuka, na mikono yake ikalala juu ya godoro.

Halafu mipangilio: mashine inayompa hewa taratibu kuliko anavyotaka, au isiyohisi anapoanza kuvuta. Utaona shingo na mbavu zikijikaza bila pumzi kuja. Mwisho ni kuchanganyikiwa, homa, sukari ya chini, kukosa pombe aliyoizoea. Sukari ipimwe kwa kila anayebadilika tabia, ni tone moja la damu.

Ongea naye. "Baba, uko hospitali. Una mpira kooni ndiyo maana huwezi kuongea. Mashine inakusaidia kupumua. Mimi niko hapa." Hata mwenye dawa ya usingizi. Nimeona mapigo ya moyo yakishuka kwenye monita baada ya binti kumshika baba yake mkono na kumwita kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Dawa ya kulegeza misuli haitolewi kamwe kwa mgonjwa ambaye chanzo cha fujo yake hakijatafutwa, wala kwa ambaye hajalala. Atakuwa macho, amepooza, asiweze hata kupepesa jicho.

Dalili ya 6: Mashine inahesabu pumzi nyingi kuliko kifua

Kioo kinasema 34, ukihesabu kifua unapata pungufu au unaona mgonjwa hajitumi kabisa. Mashine inadanganywa. Maji yanayocheza kwenye bomba ndiyo mara nyingi, kisha mvujo, kisha kihisio kilichowekwa kuwa chepesi mno. Mwaga maji, ziba mvujo, mwambie daktari arekebishe kihisio. Kipima mtiririko kilicholowa nacho hutoa namba za ajabu, kibadilishwe au kikaushwe kama mtengenezaji anavyoelekeza.

Dalili ya 7: Umeme au oksijeni imekatika

Betri ya ndani ya mashine hupimwa kwa kuitumia, haipimwi kwa kuamini taa ya kijani. Mashine isiyo na mgonjwa ichomolewe ukutani kwa ratiba ya fundi wa vifaa tiba, na dakika ilizodumu ziandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa juu yake. Betri za zamani huonyesha zimejaa kisha huzima kabla jenereta haijawaka. Kwenye kukatika kwa umeme simama pembeni ya kitanda, ambu mkononi, mpaka umeme utulie, kwa kuwa hatari nyingine iko pale unaporudi na kuruka.

Kwa oksijeni, fanya hesabu kila mwanzo wa zamu. Zidisha ujazo wa maji wa mtungi kwa presha inayosomeka. Mtungi wa lita 50 wenye bar 100 una lita 5,000. Mgonjwa akitumia lita 10 kwa dakika ni dakika 500, saa 8 na dakika 20, na mashine nyingine hula zaidi kwa sababu ya hewa inayozunguka bila kumfikia mgonjwa. Badilisha kabla ya robo ya mwisho. Grisi wala mafuta ya aina yoyote yasiguse mdomo wa mtungi au regyuleta, hulipuka.

Mashine ikizima yenyewe au ikionyesha ujumbe wa hitilafu ya ndani, mgonjwa aende kwenye ambu, apewe mashine nyingine, na ile mbovu iwekwe kando na lebo: saa, ujumbe uliotokea, mipangilio iliyokuwapo. Usiizime na kuiwasha tena ikiwa imeungwa kwa mgonjwa, wala usiifungue. Ni kazi ya mhandisi wa vifaa tiba, na mabomba yake yaachwe yalivyo mpaka ayaone.

Atakayebonyeza ambu abadilishwe kila baada ya dakika chache, kwa sababu mkono uliochoka huharakisha bila mwenyewe kujua. Mmoja ahesabu kwa sauti, pumzi moja kila sekunde tano au sita, isipokuwa daktari ameagiza vingine. Na spana ya kufungulia mtungi ifungwe kwa kamba kwenye kitoroli chake, kamba ndefu ya kufika kwenye valvu, fupi kiasi cha kutobebwa na mtu kwenda wodi nyingine.